Fundisho la 14: Kiti cha Motokari na Buloni Zake



Katika mafundisho yaliyotangulia tulisoma juu ya maji ya kunywa, juu ya mbu, na juu ya chakula cha mtoto mchanga. Labda utashangaa ukiona kwamba fundisho hili linasema juu ya buloni na ekru. Utauliza, "Je, hii si kazi ya garaji? Hospitali inatafuta nini chini ya kiti cha motokari?" Jibu ni hili: maumivu yanayoweza kuzuiwa ni kazi ya hospitali, hata kama dawa yake ni kle ya fundi.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu ya kuwa katika mwaka wa 2021 watu milioni 1.19 hivi walikufa kwa ajali za barabara katika dunia yote. Tena lilisema ya kuwa hakuna kitu kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hata 29 kuliko ajali hizo. Na kwa kila mmoja anayekufa, wengine wengi wanabaki na mguu uliovunjika, au mgongo ulioumia, au kichwa kisichokumbuka vizuri.

Sisi tunaokaa Kolwezi tunaijua barabara yetu. Kutoka hapa kupita Likasi hata kufika Lubumbashi ni kilometa 300 hivi. Makamyo yanashuka na shaba na kobalti kwenda Kasumbalesa, na mengine yanapanda na asidi, mafuta na chokaa ya viwanda. Katikati yao zinapita bisi ndogo, taksi, pikipiki, na watu wenye mizigo kichwani. Mwezi wa pili wa 2019, karibu na kijiji cha Kabwe, kamyo lililobeba asidi liligongana na motokari nyingine, na watu 20 hivi wakafa. Hatusemi kwamba buloni nzuri ingezuia mambo kama hayo. Lakini ajali nyingi ni ndogo kuliko hiyo, na katika ajali ndogo kiti ndicho kinachoamua kama mtu atarudi nyumbani kwa miguu yake au atabebwa.

1. KAZI YA KITI

Watu wengi wanadhani kiti ni mahali pa kupumzisha mwili tu. Sivyo. Motokari ikisimama kwa ghafula, mwili wa mtu haujasimama bado. Unaendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule uliokuwa nao. Mtu aliye katika motokari yenye mwendo wa kilometa 50 kwa saa akigonga ukuta, ni sawasawa na mtu aliyeanguka kutoka juu, meta 10 hivi. Kama mwendo ni kilometa 80, ni sawasawa na kuanguka meta 25. Hakuna mtu anayekubali kupanda mti wa meta 25 akiwa ameshika tawi lililooza. Lakini watu wanakubali kila siku kukaa juu ya kiti kinachocheza.

Fikiri juu ya mnyororo. Mwili unashikwa na mkanda na kiti. Kiti kinashikwa na reli zake, ndizo vyuma viwili vya chini vinavyokipeleka mbele na nyuma. Reli zinashikwa na buloni. Buloni zinashikwa na bati la chini la motokari. Mnyororo unakatika mahali palipo dhaifu, hata kama mahali pengine pote ni pa nguvu. Kwa sababu hiyo sheria namba 207 ya Marekani inaagiza ya kuwa kiti cha motokari kivumilie nguvu iliyo mara 20 ya uzito wake mwenyewe. Kiti cha kilo 20 lazima kivumilie mvuto wa kilo 400 pasipo kung'oka. Na hiyo ni kwa kiti kitupu. Benchi lenye watu wanne linavuta zaidi sana.

Mama mmoja aliletwa kwetu akiwa na paja lililovunjika. Bisi aliyosafiri nayo haikupinduka, wala haikugonga kitu. Mbuzi alikata barabara, shofere akakanyaga breki, basi. Lakini benchi la nyuma yake, lenye watu wanne, liling'oka likaja na watu wake wote, likamkandamiza mguu kwenye chuma cha mbele. Benchi lile lilikuwa na matundu manne ya buloni. Mawili yalikuwa na buloni. La tatu lilikuwa na waya. La nne lilikuwa tupu. Mama alilala kitandani juma nane akivutwa mguu kwa uzito, na katika majuma hayo shamba lake lilikuwa porini. Buloni mbili zilizokosekana zingepatikana sokoni kwa bei ndogo kuliko ile ya picha moja ya mifupa.

2. KWA NINI VITI VINALEGEA KWETU

Katika nchi nyingine kiti kinafungwa mara moja kiwandani, na hakuna mtu anayekigusa tena. Kwetu si hivyo. Hizi ndizo sababu tunazoziona.

Ya kwanza, viti vinatolewa ili kupakia mizigo. Leo motokari inabeba watu, kesho inabeba magunia ya makala, kesho kutwa inabeba watu tena. Wakati wa kurudisha viti kuna haraka. Buloni moja imepotea katika mchanga, na mtu anasema, "Zile tatu zitatosha."

Ya pili, usukani unahamishwa. Motokari nyingi za okazioni zinatoka Japani, ambako watu wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani wao uko kuume. Hapa Kongo tunaendesha upande wa kuume. Basi wengine wanauhamisha usukani, na viti vya mbele vinabadilishana mahali. Mara nyingine miguu ya kiti haikutani tena na matundu ya bati, na fundi anatoboa matundu mapya mahali ambapo bati ni jembamba.

Ya tatu, motokari za mizigo zinageuzwa kuwa bisi. Motokari iliyotengenezwa kwa mizigo haina mahali palipotayarishwa kwa mabenchi. Bati lake la nyuma lilifanywa kwa kubeba masanduku, na halikufanywa kwa kushika watu.

Ya nne, mashimo ya barabara. Kila shimo linatikisa buloni. Buloni isiyokazwa vizuri inazunguka kidogo kidogo mpaka inatoka.

Ya tano, kutu. Mvua zetu zinaanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja na kuendelea hata mwezi wa nne. Watu wanaingia na matope, maji yanakaa chini ya zulia, na bati linaliwa pasipo mtu kuona. Mahali ambapo samaki wa chumvi au asidi ya betri imemwagika, kutu ni mbaya zaidi.

3. NAMNA YA KUANGALIA

Kazi hii inataka robo ya saa tu. Mwenye motokari aifanye kila mwezi, na shofere wa bisi aifanye kila juma. Simamisha motokari mahali palipo sawa, zima injini, vuta breki ya mkono, weka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu. Halafu fuata njia hii.

Kwanza, tumia macho. Inua zulia. Hesabu miguu ya kiti, kisha hesabu buloni. Kiti cha mbele mara nyingi kina mahali pane pa kufungwa, mbili mbele na mbili nyuma. Kila tundu liwe na buloni yake. Angalia kama kuna vumbi jekundu kuzunguka kichwa cha buloni, au mahali panapong'aa kwa sababu chuma kinasuguana na chuma. Hiyo ni dalili ya kuwa buloni inacheza. Angalia tena kama bati limepasuka kuzunguka tundu. Ufa mdogo kama unywele leo utakuwa tundu kubwa kesho.

Pili, tumia mikono. Shika kiti juu kwa mkono mmoja na chini kwa mkono wa pili. Kisukume mbele, nyuma, kuume na kushoto kwa nguvu. Reli huwa na mchezo mdogo sana, na hiyo si hatari. Lakini kama unasikia mgongano wa chuma, au kama unaona mguu wa kiti unainuka kutoka kwenye bati, kiti hicho ni kigonjwa.

Tatu, jaribu reli. Vuta mkono wa kusogezea kiti, kisogeze, kisha uuache. Ni lazima usikie kufuli inaingia, upande wa kuume na upande wa kushoto. Kaa juu ya kiti, weka miguu kwenye bati, jisukume mbele na nyuma pasipo kugusa mkono ule. Kiti kikiteleza, kufuli imekwisha au imejaa uchafu. Shofere ambaye kiti chake kinateleza nyuma katika kilima hawezi tena kufikia breki.

Nne, lala chini ya motokari, uangalie bati kwa upande wa nje. Gonga kwa upole kwa kipini cha kisu au bisibisi. Bati zima linalia. Bati lililooza linatoa sauti nzito, na chuma kinaingia kama katika mkate. Usitie buloni mpya katika bati lililooza. Ni kama kushona kiraka kwenye nguo iliyochakaa.

Tano, vuta mikanda. Mkanda nao umefungwa kwa buloni, pengine kwenye kiti chenyewe, pengine kwenye bati au kwenye nguzo ya mlango. Vuta kila mwisho wa mkanda kwa nguvu. Angalia kama kitambaa kimekatika au kimeungua.

Sita, jaribu kila buloni kwa kle. Ikiwa inazunguka kwa urahisi, ilikuwa imelegea.

Kisha fanya jambo moja dogo lenye faida kubwa. Chukua rangi nyeupe kidogo, hata rangi ya kucha, na piga mstari mmoja unaopita juu ya kichwa cha buloni na kuendelea kwenye chuma cha kiti. Siku nyingine, ukiona mstari umekatika, yaani sehemu ya buloni haikutani tena na sehemu ya chuma, utajua mara moja kwamba buloni imezunguka. Hata mtoto wa shule anaweza kuangalia jambo hilo.

4. NAMNA YA KUBADILI BULONI

Buloni zote hazifanani, hata kama zinafanana kwa macho. Tazama juu ya kichwa chake. Buloni ya nguvu ina hesabu iliyopigwa, kama 8.8 au 10.9. Hesabu ya kwanza inaonyesha nguvu ya chuma. Buloni ya milimita 8 yenye alama 8.8 inakatika ikivutwa kwa uzito wa kilo 2,900 hivi. Buloni ya unene ule ule yenye alama 4.6, ile inayotumiwa kwa milango na vitanda, inakatika kwa kilo 1,500 hivi. Ni nusu tu. Buloni isiyo na alama yoyote usiitie katika kiti. Kama unaweza kupata buloni ya kiwanda kwa motokari ya namna yako, hata kutoka kwa motokari iliyovunjwa, angalia kama haikupinda na kama nyuzi zake ni nzima.

Angalia tena nyuzi za buloni, maana hapo watu wengi wanakosa. Katika motokari za Japani, buloni ya milimita 10 mara nyingi ina nyuzi zilizokaribiana, milimita 1.25 kutoka uzi hata uzi. Buloni za milimita 10 zinazouzwa sana madukani zina nyuzi za milimita 1.5. Ukijaribu kuiingiza hii katika tundu la ile, inaingia mizunguko miwili, kisha inakwama. Mtu asiyejua anachukua kle ndefu na kulazimisha. Ndivyo anavyoharibu nyuzi za ndani, na buloni haishiki kitu. Kanuni ni hii: buloni mpya lazima iingie kwa vidole, mizunguko minne au mitano, mbele ya kutumia kle. Ikikataa vidole, si yake.

Buloni za mikanda ni namna nyingine. Katika motokari nyingi za nchi nyingi hazipimwi kwa milimita, ni za inchi 7/16. Usitie buloni ya milimita 12 mahali pake, wala usitie buloni nyembamba yenye rondeli nyingi.

Sasa, kazi yenyewe.

Kama motokari yako ni ya miaka ya karibuni, angalia chini ya kiti kama kuna nyaya zenye kichwa cha rangi ya njano. Hizo ni za mfuko wa hewa au za mkanda unaojivuta wakati wa ajali, na ndani yake mna baruti kidogo. Ondoa kwanza waya wa betri, ngoja dakika ambazo kitabu cha motokari kinaagiza, ndipo uguse kiti. Usizipime nyaya hizo kwa taa wala kwa chombo cha umeme.

Paka mafuta ya kulegeza kutu kwenye buloni ya zamani, uache yaingie, hata usiku mzima. Ifungue polepole, mbele kidogo na nyuma kidogo. Toa buloni moja, weka mpya, kisha nenda kwa nyingine. Kwa njia hii kiti hakihami. Safisha tundu kwa brashi ya waya. Kama rangi ya bati imetoka, paka rangi ya kuzuia kutu, uiache ikauke.

Ingiza buloni zote nne kwa vidole. Halafu zikaze kidogo kidogo kwa msalaba: ya mbele kuume, ya nyuma kushoto, ya mbele kushoto, ya nyuma kuume. Usikaze moja mpaka mwisho wakati nyingine ziko wazi, maana reli itapinda na kufuli haitaingia sawa.

Ukazaji una kipimo chake, na kipimo hicho kimeandikwa katika kitabu cha motokari. Kwa viti vya motokari ndogo nyingi ni kati ya newtoni-meta 35 na 50. Kama garaji haina kle yenye kipimo, elewa hivi: kle yenye urefu wa sentimeta 25, ukiivuta kwenye mwisho wake kwa nguvu ya kuinua kilo 16, inatoa newtoni-meta 40 hivi. Unaweza kufunga mzani wa kamba, ule wa kupimia samaki, kwenye mwisho wa kle, na kuvuta hata usome 16. Mtu mwenye nguvu anayerukia kle kwa mguu anazidisha mara nyingi, na buloni iliyovutwa kupita kiasi inakatika siku ya hatari.

Ekru yenye pete ya nailoni ndani haitumiwi mara mbili. Ikifunguliwa, weka mpya. Ikikazwa, nyuzi mbili za buloni zionekane zimepita nje ya ekru. Nyuma ya kilometa 100 za barabara yetu, angalia tena.

5. JUU YA KUUNGANISHA KWA MOTO

Mafundi wengi wanasema, "Kwa nini tuhangaike na buloni? Tutasude miguu ya kiti kwenye bati, haitatoka tena." Neno hili linapendeza masikioni, lakini si la kweli. Chuma cha buloni ya 8.8 kilipata nguvu yake kwa kuchomwa na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Moto wa kusude unaiondoa nguvu ile. Bati la motokari nalo ni jembamba. Likiunguzwa, linakuwa gumu na la kuvunjika kando ya mshono, na kutu inaanza pale pale. Tena chini ya bati kuna njia za mafuta na nyaya. Motokari zimewaka kwa sababu hiyo, na fundi ndani yake.

Kama hakuna mahali pa buloni palipotayarishwa, kama katika bisi iliyogeuzwa, njia iliyo salama zaidi ni kupitisha buloni katika bati na kuweka bamba la chuma chini yake. Bamba linagawanya mvuto, ili buloni isipasue bati kama kidole kinavyopasua karatasi. Shirika la FIA, linalotawala mashindano ya motokari katika dunia, linaagiza kiti kiwe na mahali pane pa kufungwa, buloni zisizopungua milimita 8, na mabamba ya chuma yenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimeta 40 za mraba kwa kila mahali, yaani kama sentimeta 5 kwa 8. Hiki ni kipimo unachoweza kumwonyesha fundi wako. Na kama inawezekana, buloni zipite karibu na mihimili ya chini ya motokari, zisipite katikati ya bati tupu. Ikiwa nyuzi za ndani za tundu la kiwanda zimeharibika, usilazimishe buloni nene zaidi. Mpe kazi hiyo fundi mwenye ujuzi wa bodi.

6. NENO KWA MWENYE MOTOKARI

Sheria ya Musa iliagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari yake, mtu asianguke. Mwenye nyumba hakungoja mtu aanguke kwanza. Ndivyo ilivyo kwa mwenye bisi. Abiria analipa fedha yake na kukaa. Hawezi kuinua zulia. Anakutumaini wewe. Na karatasi ya kontroli tekniki iliyo katika kioo cha mbele haikazi buloni. Inaonyesha tu kwamba motokari iliangaliwa siku fulani.

Usimwambie shofere, "Lete fedha za jioni," bila kumpa fedha za kununua ekru. Shofere akikuambia kwamba benchi linacheza, mshukuru. Amekuonya mbele ya msiba.

7. NENO KWA MSAFIRI NA KWA KWAYA

Wewe usiye na kle unaweza kufanya mambo manne. Mbele ya kukaa, shika kiti, ukitikise. Kama kinainuka, hamia kingine. Kama hakuna kingine, mwambie shofere kwa heshima: "Papa shofere, kiti hiki kinatikisika, ninaomba ukiangalie mbele hatujaondoka." Mwambie wakati bado mko kituoni, maana njiani hatakuwa na nafasi.

La pili, kama mkanda upo, ufunge, hata kama umekaa nyuma. Mtu wa nyuma asiyefungwa anamrukia aliye mbele na kuvunja kiti chake.

La tatu, usimpakate mtoto kwenye kiti cha mbele. Mtoto wa kilo 10, katika mgongano, anaweza kuvuta kama kilo 200. Hakuna mikono ya mama inayoweza kushika hiyo, hata kwa upendo wote. Mtoto akae nyuma, na kama mna kiti cha mtoto, kifungwe sawasawa kwa mkanda au kwa vishikio vyake, mpaka kisicheze.

La nne ni la wazee wa kanisa wanaokodi bisi kwa kwaya au kwa mkutano. Mnapopatana bei, tumeni watu wawili waende kuitazama motokari siku moja mbele ya safari, wahesabu buloni, watikise kila benchi. Kama mwenye bisi anakataa, tafuteni mwingine. Si vyema kukusanya matoleo ya safari kwa miezi mitatu, kisha kukusanya mengine kwa mazishi.

8. KAMA AJALI IMEKWISHA KUTOKEA

Zima injini, na uweke alama mbali barabarani ili motokari nyingine zisije kuwagonga. Usimvute aliyeumia kwa mikono au miguu, isipokuwa kuna moto au asidi au hatari nyingine ya karibu. Mtu aliyetupwa pamoja na kiti anaweza kuwa ameumia shingo. Mwache alipo, mtu mmoja ashike kichwa chake kisigeuke, mpaka msaada ufike. Damu inayotoka, ikandamize kwa kitambaa safi, usiachie. Mguu uliovunjika ufunge pamoja na ubao au fimbo, mbele ya kumwinua. Usimpe chakula wala kinywaji. Mtu aliyemwagikiwa asidi aoshwe kwa maji mengi, kwa muda mrefu, na nguo zake zivuliwe. Wewe unayesaidia, jihadhari usiikanyage wala kuigusa.

Nyuma ya ajali, motokari ikirudi garajini, buloni za viti na za mikanda zibadilishwe, na mikanda iliyovutwa ibadilishwe, hata kama kwa macho ni mizima. Chuma kilichovutwa mara moja kwa nguvu kubwa hakina tena nguvu yake ya kwanza.

KUMBUKA

Kila mguu wa kiti una buloni yake, na buloni yake ina alama. Buloni mpya inaingia kwa vidole kwanza. Bati lililooza halishiki buloni. Moto wa kusude hauchukui nafasi ya buloni. Mstari wa rangi unasema kweli kila siku.

MAULIZO

1. Ni vitu gani vinne vinavyoshikamana kama mnyororo ili kumshika msafiri?
2. Taja sababu tatu zinazolegeza viti katika mji wetu.
3. Utajuaje kwamba buloni inafaa kwa kiti, nawe huna mtu wa kumwuliza?
4. Kwa nini benchi lililosudiwa kwenye bati si salama?
5. Mstari wa rangi juu ya buloni una faida gani?
6. Katika kanisa lenu, ni nani atakayetikisa mabenchi mbele ya safari ijayo ya kwaya? Andikeni majina yao leo.